Uliza Kwanza: Namna ya Kutembea Ukingo wa Ziwa Kivu na Vilima vya Masisi

Uzuri wa Ziwa Kivu ndio unaomponza mgeni. Maji yametulia, migomba imeteremka vilimani mpaka ukingoni, watoto wanaoga huku wakicheka, naye anadhani popote ni pa kuingia. Kumbe ukingo huu una hewa yenye sumu isiyoonekana, maji yanayozama kina ghafla, barabara inayofunguka asubuhi na kufungwa jioni, na watu waliochoka kupigwa picha bila kuombwa. Wenyeji wanayajua hayo yote, lakini si kazi yao kumfuata kila mpita njia wamweleze. Kuuliza si ujinga, na huku kuuliza ni sehemu ya safari kama viatu na maji ya kunywa.

Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa maswali. Kila unachotaka kufanya, iwe kuogelea, kupanda boti, kutembea vilimani au kusikiliza hadithi za wazee, kina swali la kuuliza kabla hujaanza.

Njia iko namna gani leo?

Hili ndilo la kwanza, na neno zito ndani yake ni “leo”. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, upande wa Kongo, na vita imepita mara nyingi katika Masisi na Walikale. Mtalii asiye na jamaa wala shughuli kule asijipeleke kutalii katikati ya vita. Akitaka kuliona ziwa, upande wa Rwanda una barabara ya lami kutoka Rubavu hadi Karongi na Rusizi, na mengi yaliyomo humu anaweza kuyafanya kutoka huko. Sehemu zinazohusu Sake, Mushaki, Kibabi na Walikale ni za mkaazi, za mtoto wa nyumbani anayerudi kuwaona watu wake, na za yeyote anayejiandaa kwa siku ambayo barabara itakuwa wazi.

Ukiuliza “kuna usalama?” utajibiwa “tuko salama kidogo”, nalo jibu hilo halikusaidii kitu. Uliza jambo linaloonekana kwa macho: gari la mwisho kutoka kule limefika saa ngapi? Limebeba nini? Akina mama wa soko wameteremka leo? Waulize madereva wa njia hiyo, wamotari wa pikipiki, na wauza maziwa, kwa sababu riziki yao inategemea jibu. Wakitofautiana, baki ulipo. Wakisema gari zilizotarajiwa hazijafika na hakuna ajuaye sababu, umeshajibiwa.

Uliza pia habari za mvua. Juni hadi Agosti ni kiangazi, wakati mzuri wa kutembea kwa miguu. Mvua ikinyesha, udongo wa Masisi hugeuka utelezi, magari hukwama siku nzima, na miteremko iliyokatwa miti huporomoka. Mwendo wa kilomita 20 unaweza kula mchana wote. Ondoka alfajiri, na panga kufika kabla ya saa kumi alasiri.

Hapa kuna mazuku?

Kabla ya kuogelea, kuketi kivulini au kusimika hema kati ya Goma na Sake, uliza swali hili kwanza. Mazuku ni mifuko ya gesi ya kaboni dioksaidi inayopanda kutoka chini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama kwenye mabonde madogo, mashimo na pembe za ukingo zisizopata upepo. Haina rangi, na pua haikuonyi. Inaua ng’ombe, mbwa na watu, na huwapata kwanza walio karibu na ardhi: mtoto anayetambaa, mtu aliyelala, aliyeinama kuokota kuni.

Saa mbaya zaidi ni usiku na alfajiri, wakati upepo umelala. Jua likipanda na upepo ukianza, gesi hutawanyika, lakini shimo lenye kina linaweza kubaki na sumu mchana kutwa. Tazama dalili: wadudu au ndege waliokufa sehemu moja, majani yaliyokauka kwenye bonde huku ya juu yakiwa mabichi, moto unaozimika bila upepo. Sehemu nyingine zimewekewa vibao. Kuna nyingine zinajulikana kwa majirani tu. Maeneo ya Mugunga, Lac Vert na ghuba ya Kabuno karibu na Sake yanahitaji mwenyeji wa pale pale, wala usitegemee dereva aliyekuleta kutoka mjini.

Kanuni tatu zinatosha. Usilale wala kuketi bondeni. Chagua mahali palipoinuka penye upepo. Ukihisi kichwa kizito au pumzi inakata, panda juu mara moja na usisubiri kuhakikisha. Na ukimwona mtu ameanguka shimoni, usiruke ndani kumfuata. Ita watu, mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu. Anayeshuka kuokoa bila kufikiri huwa maiti ya pili.

Maji haya yanazama wapi?

Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika karibu mita 480. Limekaa kwenye bonde la ufa lililozibwa na volkano, ndiyo maana kingo zake nyingi hazina ufuo wa kushuka polepole. Unapiga hatua tatu maji yako kiunoni, ya nne huna ardhi. Muulize mvuvi au watoto wa ufuo huo mahali ambapo chini kunakatika, na asiyejua kuogelea asipite hapo hata kama maji yanaonekana chini kabisa.

Habari ya gesi iliyo ndani ya ziwa huwatisha wengi. Ni kweli methani na kaboni dioksaidi nyingi zimeyeyuka humo, lakini zimekaa chini sana, zaidi ya mita 250, zimebanwa na uzito wa maji. Rwanda inaivuta methani hiyo na kuizalishia umeme. Mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi una uwezo wa megawati 26. Anayeoga juujuu hafikii gesi hiyo. Linalomhusu muogaji ni ukingo wa ghafla na mazuku ya nchi kavu. Mamba wa kutisha kama wale wa Ruzizi na Tanganyika si hadithi ya Kivu.

Boti hii inabeba watu wangapi?

Boti ndiyo njia ya kale ya ziwa hili na bado ni tamu kuliko barabara. Kati ya Goma na Bukavu hupita boti za mwendo kasi na meli kubwa za mizigo na abiria. Mitumbwi na boti za mbao huunganisha Minova, Idjwi na masoko madogo. Hatari kubwa ni msongamano. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakiiona kutoka ufuoni. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi.

Basi fika mapema uone boti ikijazwa. Uliza inaruhusiwa kubeba watu wangapi, kisha hesabu mwenyewe. Angalia mizigo imewekwa wapi: magunia yakiwa juu ya paa na abiria wakisimama upande mmoja, shuka. Omba jaketi la kuokolea na ulivae tangu bandarini, maana ukilikalia kama mto halitakufaa boti ikiinama. Kaa karibu na uwazi. Safiri asubuhi, kwa sababu upepo wa mchana huchafua maji na usiku hakuna wa kukuona ukiangukia ziwani. Nauli uliyokwisha kulipa isikufunge, pesa hurudi.

Boti ikiwa njema, nenda Idjwi. Ni kisiwa kikubwa cha ziwa hili na ni cha Wahavu, kiko chini ya Kivu Kusini, kina kahawa, mananasi na migomba, na magari machache sana. Mazuri yake ni ya miguu: njia za ukingoni, masoko ya kijiji, nyumba za wavuvi. Jipeleke kwanza kwa chifu wa kijiji useme unatoka wapi na utalala wapi. Kisiwani wanaishi pia Wambuti, watu waliokuwako tangu zamani na walionyimwa ardhi kwa muda mrefu. Ukitaka kuwatembelea, pata mwaliko kupitia mmoja wao, nunua chungu au kikapu kwa bei wanayotaja, wala usiagize wakuchezee ngoma kwa ajili ya kamera yako.

Mwezi uko wapi?

Swali hili ni la wavuvi. Sambaza, kadagaa kanakouzwa kila soko la Goma, Rubavu na Bukavu, hakakuwa katika ziwa hili zamani; kaliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja, miti mirefu ikichomoza mbele na nyuma kama pembe, wavu ukining’inia katikati. Taa huwavuta samaki juu. Mwezi mpevu ukiwaka, taa haina nguvu, na wengi hubaki nyumbani. Kwa hiyo mgeni anayetaka kuwaona kazini achague usiku wa giza.

Jioni, jua likiwa karibu kuzama, simama ufuoni Rubavu, Karongi au Goma: utaona mitumbwi ikitoka, na utasikia wapiga makasia wakiimba kupatanisha mikono. Hilo ni bure. Ukitaka kwenda nao, patana siku moja kabla, taja idadi ya watu, saa ya kurudi na bei, na uulize jaketi zipo ngapi. Ukiwa majini usiwashe tochi wala mwanga wa kamera, maana unawatawanya samaki wao. Asubuhi nunua sambaza hapo hapo, waliotoka majini muda huo, ukaangiwe kwa ndimu na pilipili na bugali ya moto. Sambaza mbichi ana macho angavu na harufu ya maji. Akishaanza kulegea tumbo, mwache.

Shamba hili ni la nani?

Kwa mwendo wa miguu uliopangwa vizuri, upande wa Rwanda kuna njia ya Congo Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ikipita mashamba ya chai, vituo vya kuoshea kahawa na vijiji vya wavuvi. Hakuna sharti la kuimaliza. Chagua kipande cha siku mbili kati ya Rubavu na Karongi, lala kwenye nyumba za wageni njiani, ukichoka panda pikipiki. Ukifika Karongi, panda mtumbwi uende kisiwa cha Napoleon chenye popo wengi. Usipige kelele kuwarusha ili upate picha.

Vilima vya Masisi ni habari nyingine. Kutoka Sake barabara inapanda kuelekea Mushaki, na mgeni aliyezoea mji wa mawe meusi anashtukia yuko kwenye malisho ya kijani, ng’ombe wametawanyika mteremkoni, ukungu unaingia saa nane mchana. Huko ndiko Kibabi, Ngungu na vijiji vingine vya mlimani viliko. Kila kilima kina mwenyewe, na katika Masisi ardhi imewahi kumwaga damu. Usiruke uzio wala kukata njia ya mkato. Uliza mwenye shamba au mchungaji, pita nyuma ya ng’ombe usiwakate mbele, na funga lango kama ulivyolikuta. Usitoke kwenye njia iliyokanyagwa na watu: mahali palipopiganwa panaweza kuwa na mabomu yasiyolipuka. Chuma chochote usichokijua, kiache, waambie wakubwa wa kijiji. Na maeneo ya migodi ya koltani, kama Rubaya, si mahali pa matembezi.

Kinachofaa kubebwa kutoka Masisi ni jibini, ufundi ulioletwa na mapadre Wabelgiji ukabaki mikononi mwa wafugaji. Huuzwa ikiwa duara zima lenye ganda la manjano. Bonyeza kwa kidole gumba: nzuri hurudi polepole, mbovu hubaki na shimo au hupasuka. Uliza ina wiki ngapi. Changa ni laini na ya maziwa, iliyokaa ni kavu na yenye ukali. Ifunge kwa kitambaa au karatasi. Ukiibana kwenye plastiki kwenye jua la safari, itatoa jasho na kuchacha kabla hujafika.

Mlima umefunguliwa na nani?

Nyiragongo, mita 3,470, unauona kutoka kila mtaa wa Goma, na usiku wingu lake linaweza kuwaka nyekundu. Ulilipuka Januari 1977, Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ya kwanza Afrika kupewa hadhi hiyo. Ruhusa ya kupanda hutolewa na hifadhi yenyewe. Hifadhi ikiwa imefunga, hakuna mtu wa barabarani mwenye ruhusa ya kukuuzia. Hifadhi hii imepoteza walinzi zaidi ya 200 kwa mikono ya watu wenye silaha, na anayekuambia anajua njia ya kichochoro anakupeleka kwa hao hao.

Bila kupanda, volkano unaweza kuisoma mjini. Lava ya 2002 ilikata Goma katikati ikaingia ziwani, ikalifunika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu njiani. Tembea uone kuta za nyumba: mawe yale yale yaliyobomoa mji ndiyo yaliyoujenga upya. Zingatia viatu, kwa sababu lava hukata soli nyembamba, na anayeanguka juu yake huinuka na damu.

Nani anaruhusu hadithi, na nani anaruhusu picha?

Mjini Goma anza na chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili linaloteremsha viazi, makaa na kabichi kutoka vilimani. Limechongwa kwa miti migumu na kuvalishwa mpira wa tairi kuukuu, na mji umelisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Usimsimamishe mwenye chukudu akiwa mteremkoni na mzigo. Breki zake ni mguu wake. Mngoje apumzike, mnunulie soda, kisha umwombe picha.

Walikale ni nchi ya Wanyanga, na hazina yao kuu ni kisa cha Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, ambaye baba yake, chifu Shemwindo wa Tubondo, hakutaka mtoto wa kiume akamtupa mtoni ndani ya ngoma. Mwaka 1956 fanani Candi Rureke alikisimulia, akiimba na kucheza, kwa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walikiandika na kukichapisha mwaka 1969. Ukitaka kusikia visa vya namna hii, usimpe mzee nusu saa kabla ya gari kuondoka. Pitia kwa mtu wa ukoo, uliza ni saa zipi hadithi husimuliwa, leta kinywaji cha wote, na uitikie wanapoitikia. Kurekodi ni ombi la pili, baada ya kusikiliza, na nakala ibaki kijijini.

Picha zina mipaka yake. Askari, barieri, bandari, madaraja, migodi na kambi za waliokimbia vita, usipige kamwe. Mtu mzima muombe. Mtoto, muombe mama yake. Mjini Karongi, kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari ya 1994 kanisani, na kule Bisesero juu ya vilima, ingia kimya, simu mfukoni, na muache mwongozaji aseme mwenyewe.

Mfukoni na mkobani

Beba noti za dola safi. Iliyochanika hata pembeni hukataliwa Kongo. Kuwa na faranga ndogondogo za pikipiki na ndizi. Jua la kimo hiki huchoma hata penye ukungu, na Masisi usiku hudai sweta na soksi nzito. Chukua koti la mvua, buti, tochi, chaji ya akiba, dawa zako na nakala za vitambulisho. Kabla ya kuvuka, uliza siku hiyo hiyo mpaka unafungwa saa ngapi na hati yako inakubalika au la.

Ukiwa na siku tatu tu upande wa Rubavu: siku ya kwanza tembea mjini na ufuoni, jioni uangalie wavuvi wakitoka, ya pili tembea kipande cha njia ya Congo Nile ulale kijijini, ya tatu rudi asubuhi na mapema kwa boti, ikiwa umeihesabu ukaridhika. Kila asubuhi muachie mwenye nyumba uliyolala jina la njia, jina la anayekuongoza na saa ya kurudi, na ukibadili mpango mpigie simu kabla hujabadili njia.